Charles Simeon, Aliyejifunza Kuweka Mkono Juu ya Sadaka



Wako Wakristo wengi ambao, wakati wa Ushirika Mtakatifu ufikapo, hubaki vitini mwao wameinamisha vichwa. Si kwamba wamefungiwa na Kanisa. Walibatizwa, waliwekewa mikono na Askofu, na majina yao yamo katika daftari la parokia. Lakini moyoni wajiona hawafai. Wasema wangoje kwanza watengeneze maisha yao, ndipo wakaribie. Miaka yapita, na kule kutengeneza hakuishi. Wako na wengine ambao hukaribia Meza ya Bwana kila mara bila hofu yoyote, kwa kuwa wajiona wafaa sana. Makundi haya mawili yaonekana kuwa mbali, kumbe yana kosa moja. Yote mawili hutazama ustahili wa mtu, wala hayatazami agano la Mungu.

Kwa ajili hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za Charles Simeon, kasisi wa Kanisa la Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1759 na kulala katika Bwana mwaka 1836. Yeye alikaribia Meza ya Bwana kwa kulazimishwa, akiwa na hofu kuu, na hapo ndipo alipomjua Mwokozi wake. Tena habari zake zatuhusu sisi huku Afrika ya Mashariki kuliko wengi wetu tunavyofikiri, kama tutakavyoona.

UJANA WAKE

Simeon alizaliwa tarehe 24 Septemba 1759 katika mji wa Reading. Baba yake alikuwa mtu mwenye mali. Alikuwa mwana wa mwisho kati ya wana wanne, na angali mdogo akapelekwa shule ya Eton, walikosomeshwa wana wa wakubwa. Huko alijulikana kwa mambo matatu: alikuwa hodari wa kupanda farasi, alipenda mavazi ya fahari, na hasira zake zilikuwa za upesi. Ibada kwake ilikuwa desturi tu, kama ilivyokuwa kwa wenzake.

Jambo moja lilitokea mwaka 1776. Uingereza ilikuwa vitani na makoloni yake ya Marekani, nayo serikali ikatangaza siku moja ya kufunga na kuomba. Simeon alilichukua jambo lile kwa uzito. Alifikiri kwamba kama Mungu amekasirishwa na dhambi za watu, basi za kwake zimezidi. Akafunga, akaomba, akajiwekea kijisanduku cha sadaka kwa maskini, akitia fedha kila alipotambua amekosa. Wenzake walimcheka, na baada ya muda mfupi bidii ile ilikwisha. Aliyaacha maombi, akarudi katika mambo yake ya zamani.

Hapo twaona jambo la kawaida sana. Mtu aweza kuguswa na dhambi zake, akaweka nadhiri, akajitoza faini, na bado asipate nguvu ya kuendelea. Majuto peke yake si wokovu. Simeon alikuwa na kijisanduku cha kulipia dhambi, lakini hakuwa na Mwokozi.

AMRI YA MKUU WA CHUO

Mwezi wa Januari 1779, akiwa na umri wa miaka 19, aliingia King's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Hazikupita siku nyingi akapewa taarifa kutoka kwa mkuu wa chuo kwamba baada ya majuma matatu hivi itampasa kuhudhuria Meza ya Bwana. Ilikuwa kanuni ya chuo, na hakuna aliyeulizwa kama anapenda au hapendi.

Wanafunzi wengi waliitii kanuni ile bila kufikiri, kama mtu atiavyo sahihi karatasi asiyoisoma. Simeon hakuweza. Alijua hali yake. Aliona kwamba kama yeye anafaa kuja mezani, basi hata Shetani mwenyewe anafaa. Lakini kukataa hakukuwa na njia. Basi akaanza kujitayarisha kwa haraka. Akanunua kitabu cha dini pekee alichowahi kukisikia, The Whole Duty of Man, kinachoeleza wajibu wote wa mwanadamu. Akakisoma kwa bidii, akafunga, akalia mbele za Mungu juu ya mambo yaliyopita, hata akaugua.

Siku ikafika, akahudhuria, lakini hakupata amani. Akajua pia kwamba Siku ya Pasaka atatakiwa kuhudhuria tena. Ikawa Kwaresima ile yote aliishi katika mzigo. Kadiri alivyozidi kusoma wajibu wake, ndivyo alivyozidi kuona deni lake. Alikuwa kama mdaiwa asomewaye hesabu kila siku, naye hana kitu mkononi.

SADAKA NA AGANO

Hapa inatupasa tusimame kidogo, tukumbuke Maandiko yasemavyo juu ya agano, maana ndipo jibu la Simeon lilipokuwa.

Wazee wetu walijua maagano. Watu wawili walichanjiana damu, wakawa ndugu, na kila mmoja akachukua wajibu juu ya mwenziwe. Akivunja mmoja, laana ni juu yake. Lakini tukisoma Mwanzo sura ya 15, twaona agano la namna nyingine. Ibrahimu aliwapasua wanyama na kuviweka vipande vikielekeana, na kwa desturi ya nchi zile wenye kuagana walipita katikati ya vipande. Lakini jua lilipokuchwa, Ibrahimu alikuwa amelala usingizi mzito, na alama ya moto ya kuwapo kwake Mungu ikapita peke yake. Ibrahimu hakupita. Mungu mwenyewe alijifunga kulitimiza agano. Kabla ya hapo, katika sura ile ile, Ibrahimu amekwisha kuhesabiwa haki kwa sababu aliamini.

Kisha Mungu aliwapa watoto wa Israeli sadaka. Katika Walawi sura ya 1, mtu aletaye sadaka ya kuteketezwa aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mnyama, naye mnyama akakubaliwa kwa ajili yake. Na katika sura ya 16, Siku ya Upatanisho, kuhani mkuu aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi aliye hai, akaungama juu yake dhambi za watu wote, na yule mbuzi akazichukua mpaka jangwani. Mwenye dhambi hakuulizwa amefanya mema mangapi. Aliweka mkono tu. Kule kuweka mkono ndiko kulikokuwa kukiri kwake, na ndiko kulikokuwa kutegemea kwake.

Nabii Yeremia katika sura ya 31 aliahidi agano jipya, la kusamehewa dhambi na la sheria kuandikwa mioyoni. Na usiku ule aliotolewa, Bwana wetu alishika kikombe, akakiita kikombe cha agano hilo katika damu yake. Basi kila tunapokaribia Mezani twakaribia mahali pa agano. Wanyama wale walikuwa kivuli. Mwana-Kondoo ni mmoja.

PASAKA YA MWAKA 1779

Turudi kwa Simeon. Katika Juma Takatifu alikuwa akisoma kitabu cha Askofu Thomas Wilson wa kisiwa cha Man juu ya Meza ya Bwana. Humo akakuta maneno machache ya kueleza kwamba Wayahudi walijua walifanyalo walipohamisha dhambi zao na kuziweka juu ya kichwa cha sadaka yao. Mara fikira mpya ikamwingia. Je, yawezekana kweli nikahamisha hatia yangu yote juu ya mwingine? Je, Mungu amenitayarishia Sadaka, nipate kuweka dhambi zangu juu ya kichwa chake? Ikiwa ni hivyo, basi sitazibeba rohoni mwangu hata dakika moja zaidi.

Akaazimu kuziweka juu ya Yesu. Siku ya Jumatano ya juma lile tumaini lilianza. Alhamisi likaongezeka. Ijumaa Kuu na Jumamosi likapata nguvu. Na Jumapili ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1779, aliamka mapema, moyo na midomo yake imejaa sifa kwa Kristo aliyefufuka. Tangu saa ile amani ilimiminika rohoni mwake, na alipokwenda Mezani katika kanisa la chuo, alimkaribia Mungu kwa furaha kwa njia ya Mwokozi wake.

Tuangalie vema. Kati ya Jumapili ya Matawi na Jumapili ya Pasaka, Simeon hakuwa ameongeza matendo mema ya kutosha kufuta ya zamani. Juma moja halitoshi kwa kazi hiyo; wala miaka mia haitoshi. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kujitazama akamtazama Mwana-Kondoo. Hiyo ndiyo imani. Imani si tendo kubwa tumpelekealo Mungu ili atulipe. Imani ni ule mkono uliowekwa juu ya kichwa cha Sadaka. Kanisa letu lafundisha hivyo hivyo katika Kanuni ya 11 kati ya zile Kanuni 39, kwamba twahesabiwa haki mbele za Mungu kwa ajili ya Bwana wetu Yesu Kristo kwa imani, wala si kwa matendo yetu.

Simeon hakuwa na mtu wa kumwongoza. Kwa muda wa miaka mitatu hivi hakumjua hata rafiki mmoja pale Cambridge wa kusemezana naye mambo haya. Alisoma Biblia na Kitabu cha Sala, akahudhuria ibada, akaanza kuwakusanya watumishi wachache wa chuo kwa maombi. Watu husema kwamba hawawezi kukua kwa sababu hawana wenzao. Biblia, Kitabu cha Sala na Meza ya Bwana vilimtosha kijana huyu mpaka Mungu alipompa ndugu.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Alifanywa shemasi mwaka 1782, siku ya Jumapili ya Utatu. Wakati wa kiangazi alisaidia katika kanisa la Mtakatifu Edward pale Cambridge, ambamo Hugh Latimer alikuwa amehubiri zamani kabla ya kuchomwa moto kwa ajili ya imani mwaka 1555. Kanisa likajaa watu. Mwaka ule ule kasisi wa kanisa la Utatu Mtakatifu akafa, naye Askofu wa Ely akamweka Simeon mahali pake. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Washarika hawakumtaka. Walikuwa wamekwisha kumchagua kasisi msaidizi aliyekuwapo, nao wakaona wamedharauliwa. Siku zile viti vya kanisa vilikuwa kama vibanda vyenye milango, na kila jamaa ilikuwa na kiti chake na ufunguo wake. Basi wenye viti wakavifunga kwa kufuli, wakakaa nyumbani. Waliokuja kumsikiliza Simeon walisimama katika njia za katikati na pembeni. Simeon akanunua mabao ya kukalia kwa fedha zake, akayaweka mahali palipo wazi. Wazee wa kanisa wakayatupa nje uani. Ibada ya alasiri wakampa yule msaidizi waliyemtaka, na baada yake wakampa mwingine tena, hata miaka 12 ikapita. Simeon alipoanzisha ibada ya jioni, wakafunga milango ya kanisa.

Mara moja alimwita fundi wa kufuli aifungue milango. Lakini baada ya hapo akaliacha jambo lile, akikumbuka jinsi Paulo alivyomwonya Timotheo juu ya mtumishi mgomvi. Haki ilikuwa upande wake, na sheria ingemsaidia, lakini aliona kwamba kushinda kesi si kushinda roho. Akaazimu kuwahubiri wale waliosimama, akitumaini kwamba Mungu aweza kuwabariki maradufu hao walio nusu. Vile viti vilifungwa kwa muda wa miaka kumi hivi.

Nje ya kanisa mambo hayakuwa afadhali. Wanafunzi walimzomea, wengine wakaja ibadani kufanya fujo, mawe yakatupwa madirishani. Walimu wenziwe walimkwepa njiani. Siku moja, akiwa amedhihakiwa sana, alitoka kutembea na Agano lake Jipya la Kiyunani mkononi, akimwomba Mungu neno la kumtia nguvu. Alipolifungua, macho yake yaliangukia habari za Simoni Mkirene, aliyeshurutishwa kuuchukua msalaba nyuma ya Yesu. Simoni na Simeon ni jina moja. Akafurahi, akaona kwamba amepewa heshima ya kuwekewa msalaba wa Bwana begani.

Lakini tusidhani kwamba alikuwa malaika. Hasira zake za upesi hazikuisha siku moja, wala majivuno yake. Mzee Henry Venn, kasisi wa kijiji cha Yelling, alikuwa kama baba yake wa kiroho. Simeon alipomtembelea na kuondoka, binti za Venn walimcheka kwa majivuno yake. Baba yao akawatuma bustanini wamchumie tunda, na wakati huo matunda yalikuwa bado mabichi. Walipomletea, akawaeleza kwamba yapasa kungoja; jua kidogo na mvua kidogo, na tunda litaiva na kuwa tamu. Ndivyo itakavyokuwa kwa kijana yule. Na ndivyo ilivyokuwa. Aliyehesabiwa haki siku moja hutakaswa kwa muda wa siku zake zote.

MAZUNGUMZO NA WESLEY

Mwaka 1784 kasisi huyu kijana alikutana na mzee John Wesley, aliyekuwa na umri wa miaka 81. Wakristo wa Uingereza walikuwa wamegawanyika sana wakati ule. Wengine walifuata mafundisho ya Calvin, wakitia nguvu kuchagua kwake Mungu. Wengine pamoja na Wesley walitia nguvu hiari ya mwanadamu. Simeon alihesabiwa kuwa wa upande wa kwanza, na wengi wangetazamia vita ya maneno.

Badala ya kushindana, Simeon aliomba ruhusa kuuliza maswali machache. Je, Wesley ajiona kuwa mwenye dhambi asiyeweza hata kufikiri kumgeukia Mungu, isipokuwa Mungu amelitia jambo hilo moyoni mwake kwanza? Mzee akakubali. Je, atumaini kuokolewa kwa Kristo peke yake, si kwa lolote alilolitenda yeye? Akakubali. Je, akiisha kuokolewa na Kristo, atajilinda kwa nguvu zake mwenyewe? La, akasema, lazima Kristo amwokoe mwanzo hata mwisho. Basi Simeon akamwambia kwamba hayo ndiyo yote anayoyashika yeye, na hakuna haja ya kugombana. Walishikamana katika yale waliyokubaliana.

Mazungumzo hayo yatufaa sana. Agano lina Mwenye kuliweka, na wokovu una Mwanzilishi. Tukikubali hayo kwa moyo mmoja, mabishano mengi yatapoa.

KAZI YAKE, NA JINSI ILIVYOTUFIKIA

Simeon hakuoa. Alikaa katika vyumba vyake pale King's College maisha yake yote, na kanisa lile moja la Utatu Mtakatifu alilitumikia miaka 54. Aliamka saa kumi ya usiku kila siku, hata wakati wa baridi kali, akakaa na Biblia na maombi mpaka saa mbili asubuhi. Hapo kwanza usingizi ulimshinda, akajitoza faini. Na siku moja, kama isimuliwavyo, akaitupa sarafu ya dhahabu mtoni, asichelewe tena. Zamani alijitoza faini apate kuondoa hatia. Sasa hatia imekwisha kuondolewa, na faini ni ya kuushinda mwili tu, apate kukaa na Rafiki yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1780, mkate ulipokuwa ghali na maskini wakiona njaa, alipanga mkate uuzwe nusu bei katika vijiji 24 kandokando ya Cambridge, akatoa fedha zake nyingi, naye mwenyewe akapanda farasi kila Jumatatu kuhakikisha kwamba waokaji wanatimiza. Watu wa mji walianza kumtazama kwa macho mengine. Wokovu kwa imani haukumfanya mvivu wa matendo mema. Ulimpa sababu ya kuyatenda.

Wanafunzi walewale waliomzomea walianza kuja chumbani mwake, kwanza mmoja mmoja, baadaye makumi. Aliwafundisha kuhubiri kwa kufuata Andiko lenyewe, wasilazimishe Neno liseme yale wanayotaka wao. Muhtasari wa mahubiri yake ulijaza vitabu 21, nao ni 2,536. Tangu mwaka 1807 sauti yake iliharibika, ikambidi ahubiri kwa taabu miaka 13 hivi, kisha nguvu ikamrudia naye amefikia miaka 60.

Tena alikuwa na macho ya kuona mbali. Mwezi wa Machi 1799, katika mkutano wa makasisi London, alihimiza kwamba wasizidi kuzungumza tu juu ya kuwapelekea mataifa Injili, bali watende. Tarehe 12 Aprili mwaka ule ule chama kikaanzishwa, ambacho baadaye kiliitwa Church Missionary Society, yaani C.M.S. Msaidizi wake mpendwa, Henry Martyn, alikwenda India mwaka 1805, akatafsiri Agano Jipya kwa Kiurdu na Kiajemi, akafa njiani huko Tokat mwaka 1812, na umri wake miaka 31 tu. Simeon alitundika picha yake chumbani, akisema kwamba macho yale yamhimiza asichezee wakati.

Sasa sikilizeni. Chama kile ndicho kilichomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Ndicho kilichomtuma Johannes Rebmann mwaka 1846, wakafanya kazi pamoja Rabai. Ndicho kilichoanzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na ndicho kilichofika Buganda mwaka 1877. Wengine wetu tulipokea Injili kwa mkono wa C.M.S., wengine kwa mkono wa U.M.C.A. Lakini hakuna asiyefaidiwa na kazi ile. Kijana mmoja alipata amani chumbani mwake asubuhi ya Pasaka, na habari njema ikaja mpaka kwetu.

MWISHO WAKE

Mwezi wa Novemba 1832 parokia ya Utatu Mtakatifu ilisherehekea miaka 50 ya utumishi wake. Kanisa lililomfungia viti lilijaa watu wa kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Miaka minne baadaye alipatwa na ugonjwa, akajua kwamba saa yake imekaribia.

Kitandani hakutegemea miaka 54 ya uchungaji, wala vitabu vyake 21. Aliwaeleza waliomzunguka kwamba faraja yake imo katika mstari wa kwanza kabisa wa Biblia, kuwa Mungu ndiye aliyeumba mbingu na nchi. Kama aliweza kuufanya ulimwengu wote pasipo kitu, ataweza kuitimiza kazi aliyoianza katika mtu mmoja. Ndiyo imani ile ile ya Ibrahimu, aliyelala usingizi na Mungu akalipita agano peke yake.

Alikuwa amewekwa kuhubiri mbele ya Chuo Kikuu siku ya Jumapili tarehe 13 Novemba 1836. Saa ile kengele zilipokuwa zikilia kuwaita watu kwenye ibada hiyo, yeye akalala katika Bwana. Siku ya mazishi maduka yalifungwa, mafundisho yakasimamishwa, na wanafunzi na walimu wakajaa katika kanisa la King's College, alimozikwa, chuo kile kile kilichomdhihaki. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila mwaka tarehe 13 Novemba.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, wewe unayebaki nyuma. Hukubakia kwa sababu dhambi zako ni kubwa kupita Sadaka. Hakuna dhambi ya namna hiyo. Huenda wataka kwanza kulipa deni kwa fedha usiyokuwa nayo. Simeon alijaribu, akaugua. Mwone kasisi wako, ungama, patana na jirani yako kama mmekosana, kisha uje. Meza haikuandaliwa kwa ajili ya walio safi kwa nguvu zao. Imeandaliwa kwa ajili ya walioweka mkono wao juu ya Mwana-Kondoo.

Pili, wewe unayekuja kila mara bila kufikiri. Mkuu wa chuo aliwaamuru wengi, lakini mmoja tu alitetemeka. Kikombe kile ni kikombe cha agano, na agano liliwekwa kwa damu. Sala ile ya unyenyekevu tuisemayo kabla ya kukaribia isiwe ya midomo tu.

Tatu, sisi sote tulio na funguo mikononi. Siku hizi viti vya makanisa yetu havina kufuli, lakini mioyo yaweza kufungwa, na michango yaweza kufungwa, kwa kuwa tumeletewa kasisi tusiyemchagua au katekista tusiyempenda. Waliofunga viti pale Cambridge walijinyima wenyewe Neno lililokuwa likihubiriwa hatua chache kutoka kwenye viti vyao vitupu. Na makasisi nao wakumbuke kwamba Simeon hakuvunja kufuli zile kwa nguvu. Alihubiri, akaomba, akangoja, na Mungu akazifungua.

Jumapili ijayo, kengele itakapolia, tuje. Tusije kwa kuwa tumestahili, wala tusibaki kwa kuwa hatujastahili. Tuje kwa sababu Mungu ameagana nasi katika Mwanawe, naye ni mwaminifu. Atukuzwe milele. Amina.